Upasuaji wa kunyanyua nyusi: mambo ya kujua kabla, siku yenyewe na baada, kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa

Nyusi zikishuka, mtu huonekana amechoka au amenuna hata akiwa amelala vizuri na hana ugomvi na yeyote. Upasuaji wa kunyanyua nyusi hurudisha nyusi na ngozi ya paji la uso mahali pake, na hapohapo hulegeza misuli inayokunja uso katikati ya nyusi. Kazi yake inaishia hapo. Mashavu haugusi, mikunjo ya pembeni mwa macho huipunguza kidogo tu, na rangi ya ngozi haibadiliki.

Maelezo mengi ya upasuaji huu yameandikwa kwa watu wa mbali, wenye nywele laini, wanaokwenda kazini kwa gari na hawajawahi kujitwika ndoo. Anayeishi Igoma, Nansio, Sengerema, Musoma au Bukoba ana maswali mengine: nitasuka lini, nitapanda bodaboda lini, naweza kurudi kisiwani siku ya tatu? Kwa uzoefu wa kazi hii, mambo hayo ndiyo yanayoamua kama mshono utapona vizuri, kuliko hata chaguo la njia ya upasuaji.

Jipime kwanza: kilichoshuka ni nini?

Keti mbele ya kioo mchana, pasipo wanja. Funga macho, legeza paji la uso kabisa, kisha fungua macho taratibu bila kuinua nyusi. Papasa kwa kidole mfupa ulio juu ya jicho. Kwa mwanamke, nyusi kwa kawaida hukaa juu kidogo ya mfupa huo na kilele chake kiko theluthi ya nje. Kwa mwanaume hukaa juu ya mfupa wenyewe na imenyooka zaidi. Ikiwa yako iko chini ya mfupa, imeshuka. Upande wa nje ndio hutangulia kushuka, kwa sababu msuli unaoinua paji la uso hauufikii vizuri.

Sasa inua nyusi kwa kidole hadi mahali unapotaka ikae. Angalia ngozi iliyolalia kope ya juu. Ikiondoka yote, tatizo ni nyusi. Ikibaki imening'inia vilevile, ngozi ya kope imezidi, na unachohitaji ni upasuaji wa kope. Ikipungua nusu, huenda utahitaji vyote viwili.

Kipimo hiki kidogo ni muhimu kwa sababu kuna kosa linalojirudia. Mtu ana nyusi zilizoshuka, lakini anaomba apunguzwe ngozi ya kope tu kwa kuwa ni nafuu na ni haraka. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa anakaza paji la uso bila kujua ili aone vizuri. Ngozi ya kope ikipunguzwa, haja ya kukaza inaisha, paji linalegea, na nyusi zinashuka zaidi ya zilivyokuwa. Anaamka na macho yaliyobanwa, na ngozi ya kope imeshakatwa, hairudi.

Hali nyingine ni ukingo wenyewe wa kope kushuka hadi kufunika mboni. Huo ni udhaifu wa msuli au mshipa wa fahamu wa kope, na kunyanyua nyusi hakuutibu. Ikiwa umeanza ghafla, uko upande mmoja, unaona vitu viwiliviwili, mdomo umepinda, au kope huzidi kulegea kadiri jioni inavyoingia, nenda hospitali kwa daktari wa macho au wa mishipa ya fahamu. Mambo ya urembo yasubiri.

Neno kwa wanaonyoa nyusi na kuzichora: ziache ziote kwa wiki 4 kabla ya kumwona daktari. Nyusi iliyochorwa huwa imewekwa juu ya ile ya asili, na daktari akipima kwa mstari wa wanja atapima mahali ambapo hapana nyusi. Waliochanja rangi ya kudumu wamwonyeshe waziwazi mahali rangi ilipoanzia na nywele zilipo, kwa kuwa rangi hiyo itapanda pamoja na ngozi.

Njia zilizopo

Njia inayotumika sana siku hizi ni ya kamera ndogo, yaani endoskopi, iliyoanza kutumika kwa nyusi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Daktari hukata matundu 3 hadi 5 yenye urefu wa sentimita 1.5 hadi 2, nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Anapitisha kamera, anabandua ngozi pamoja na utando unaofunika mfupa hadi ukingo wa juu ya jicho, na hapo anaukata utando huo ili nyusi iwe huru. Hatua hii ya kuachia ndiyo moyo wa kazi nzima. Utando usipoachiwa sawasawa, nyusi itavutwa juu mezani na kurudi chini baada ya wiki chache, hata kama imefungwa kwa skrubu. Baada ya hapo analegeza misuli inayokunja uso, anavuta nyusi juu, na kuishikiza kwa nyuzi zilizopitishwa kwenye tundu dogo la mfupa, kwa skrubu, au kwa kishikizo kinachoyeyuka chenyewe baada ya miezi. Hakuna ngozi inayokatwa na kutupwa.

Njia ya zamani zaidi ni mkato mmoja wa juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio, sentimita kadhaa nyuma ya mstari wa nywele, na ukanda wa ngozi huondolewa. Huinua vizuri na hudumu, lakini hurudisha mstari wa nywele nyuma kwa kama sentimita 1 au zaidi na huacha ganzi nyuma ya mshono kwa muda mrefu, pengine moja kwa moja. Mwenye paji refu hufaa zaidi kukatwa kwenye mstari wa nywele wenyewe, ili paji lisizidi kurefuka.

Hapa kuna jambo la kwetu. Kusuka kwa kubana tangu utotoni huwaachia wengi ukingo wa nywele uliokatika, hasa juu ya masikio na penye pembe za paji. Mshono ukiwekwa hapo hautakuwa na nywele za kuuficha. Tena nywele za kipilipili zina mizizi iliyopinda ndani ya ngozi. Wembe ukishuka wima hukata mizizi hiyo na kuacha mstari wa kipara pande zote mbili za kovu. Daktari anayezijua nywele hizi huulaza wembe kufuata mwelekeo wa mizizi. Muulize swali hilo moja kwa moja: "Kwa nywele za aina yangu, unakataje?" Anayelijibu kwa maelezo, na si kwa kukutuliza tu, amelifikiria.

Zipo pia njia fupi. Kuinua upande wa nje tu hufanyika kwa mikato ya kwenye panja, ndani ya nywele. Kukata ngozi juu tu ya nyusi hufanyika kwa sindano ya ganzi na huwafaa wazee, wanaume wenye kipara, na waliopooza upande mmoja wa uso, lakini kovu lake liko mbele ya macho ya watu.

Sindano za kulegeza misuli, za botulinumi, huinua nyusi milimita chache tu na huisha nguvu baada ya miezi 3 hadi 4. Kwa mwenye tatizo dogo zinaweza kutosha. Ziwe zimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na achome daktari. Sindano za kujaza mikunjo zikichomwa katikati ya nyusi zinaweza kuingia kwenye mshipa wa damu unaowasiliana na wa jicho na kumpofusha mtu papo hapo. Kwa sababu hiyo, asikuchome mtu wa saluni, hata akiwa mzuri kiasi gani kwa kazi yake nyingine.

Nani asubiri, nani aseme mapema

Presha isiyotulia ndiyo adui wa kwanza, kwa kuwa damu huendelea kuvuja chini ya ngozi baada ya kushonwa. Itulizwe kwanza kwa dawa, wiki kadhaa kabla. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda na hukaribisha usaha. Sigara, shisha na ugoro vyote vina nikotini, nayo hubana mishipa midogo inayolisha ngozi ya kichwa. Acha wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Anayebwia ugoro mara nyingi hujiona si mvutaji na hasemi. Aseme.

Kanda ya Ziwa ni moja ya maeneo ya Tanzania ambako selimundu (sikoseli) ni nyingi, na wapo watu wazima wengi wanaobeba vinasaba vyake bila kujua. Omba kipimo hicho kabla ya nusukaputi. Kuwa mbebaji hakukuzuii kufanyiwa upasuaji, ila mtaalamu wa usingizi atahakikisha hupungukiwi maji, hupigwi na baridi, na oksijeni haishuki. Mwenye ugonjwa wenyewe anahitaji maandalizi makubwa zaidi, na kwa upasuaji wa hiari kama huu tungemshauri aongee na daktari wake wa damu kwanza. Anayetumia ARV naye anaweza kufanyiwa. Azitaje dawa zake zote na aendelee kuzinywa kama kawaida.

Kuhusu keloidi, yale makovu yanayoota na kuvuka mipaka ya kidonda: jitazame masikio ulipotoboa, kovu la chanjo begani, kifua, na makovu ya kunyolea. Uliza mama na ndugu zako. Ngozi ya paji na ya kichwa haina tabia hiyo sana kama sikio, bega au kifua, lakini mwenye historia nzito asikubali mkato wa mahali paonekanapo.

Kumpata daktari na kupanga fedha

Unayemtafuta ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, au bingwa wa macho aliyejikita kwenye kope na nyusi. Kwa mkazi wa kanda hii, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ambako unaweza kupimwa na kuelekezwa kwa mtu sahihi. Huduma za upasuaji wa urembo hutolewa pia Muhimbili–Mloganzila, Dar es Salaam. Popote uendapo, hakikisha jina la daktari liko kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni yake ni ya mwaka huu.

Muulize amefanya upasuaji huu mara ngapi, si upasuaji wa urembo kwa jumla. Aonyeshe picha za watu wenye ngozi na nywele kama zako, zilizopigwa angalau miezi 6 baadaye. Picha za wiki ya pili hazina maana, maana wakati huo kila nyusi iko juu. Muulize pia nani atakupokea saa 8 usiku damu ikivuja.

Bima ya NHIF hailipii urembo. Ikiwa ngozi iliyoshuka inakuziba kuona pembeni, hapo si urembo tena, na kipimo cha upeo wa kuona kutoka kwa daktari wa macho ndicho ushahidi. Omba mchanganuo wa gharama ulioandikwa: ada ya daktari, chumba cha upasuaji, usingizi, vipimo, kulazwa, dawa, marudio, na nani analipa kama mtarudi mezani. Kwa anayekwenda Dar es Salaam, weka humo malazi ya siku 10. Safari ya basi hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na kuifanya siku ya nne ukiwa na uso uliovimba ni kujitafutia matatizo mbali na aliyekushona.

Wiki mbili kabla

Acha aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, pamoja na ile diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli ambayo wengi hununua duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Acha pia vidonge vya kitunguu saumu, vitamini E na dawa za miti shamba usizojua zina nini. Zote hizi zinaweza kuongeza kuvuja damu. Kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache mwenyewe. Daktari aliyekuandikia ndiye atakayeamua.

Fumua nywele wiki moja kabla, ili ngozi ya kichwa ipumue na vidonda vidogo vya kusukwa vipone. Usijinyoe kichwa. Wembe wa nyumbani huacha michubuko isiyoonekana ambayo ni mlango wa vijidudu, na kwa njia ya kamera daktari huhitaji kugawa nywele tu, au kupunguza vijistari vyembamba. Usiku wa mwisho osha nywele kwa shampuu bila kupaka mafuta.

Chakula cha mwisho ni saa 6 kabla ya nusukaputi, na maji matupu ni saa 2 kabla. Ukipangiwa saa 2 asubuhi, acha kula saa 8 usiku na acha maji saa 12 alfajiri. Uji na chai ya maziwa vinahesabika kuwa chakula. Anayefika akiwa na uji tumboni huahirishwa, na ni haki aahirishwe, kwa sababu matapishi yakiingia mapafuni ukiwa umelala yanaweza kuua.

Vaa shati au gauni la kufungua kwa mbele. Njoo na mtu mzima atakayekaa nawe usiku wa kwanza, na tayarisha nyumbani maji ya kutosha, kwa sababu hutachota.

Siku yenyewe

Daktari atakuchora ukiwa umeketi, kabla ya kulala, kwa kuwa ukilala nyusi hupanda zenyewe na vipimo vinadanganya. Hapo ndipo pa kushika kioo na kukubaliana. Omba kiasi. Nyusi iliyoinuliwa kupita kiasi humfanya mtu aonekane ameshtuka daima, na kushusha ni kazi ngumu kuliko kupandisha. Kwa mwanaume, usikubali tao.

Ukishalala, huchomwa ganzi yenye adrenalini kichwani, na timu husubiri kama dakika 10 hadi 15 ili mishipa ibane. Kazi yenyewe huchukua saa 1 hadi 2. Utaamka na bandeji kuzunguka kichwa, pengine na mrija mwembamba wa kutoa damu ambao huondolewa siku ya kwanza au ya pili. Wengine hurudi nyumbani jioni hiyo. Kwa anayekaa mbali, kulala hospitali usiku mmoja ni fedha iliyotumika vizuri.

Siku kumi za kwanza

Kaa mjini. Anayetoka Ukerewe asipande meli kurudi Nansio kabla ya nyuzi kutolewa. Damu ikivilia usiku hakuna chombo cha kumvusha haraka. Wa Sengerema na Geita wana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lakini nao wangefanya vyema kukaa karibu kwa siku 3 za mwanzo.

Lala chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito 2 au 3, kwa wiki 2. Uvimbe hufuata mteremko. Siku ya kwanza uko kwenye paji, siku ya pili na ya tatu hushuka kwenye kope na mashavu, na wengine hushindwa kufungua macho asubuhi. Hutisha sana, lakini ni kawaida ikiwa uko pande zote mbili na unapungua ukikaa wima. Hufikia kilele kati ya saa 48 na 72, kisha hushuka. Kwa ngozi nyeusi damu iliyovilia haionekani kijani na njano kama kwenye picha za wazungu. Huonekana kama weusi au wekundu wa zambarau chini ya macho, nao huisha ndani ya wiki 2.

Kwa saa 48 za mwanzo weka kitambaa baridi juu ya macho dakika 15 hadi 20 kila saa ukiwa macho. Barafu iwe ya maji salama, ndani ya mfuko, juu yake kitambaa safi. Barafu ya samaki ya soko la Mwaloni haifai hata ikifungwa vipi, kwa sababu haikutengenezwa kuwa safi. Usiiache ikagusa ngozi moja kwa moja. Paji lako limekufa ganzi, na barafu inaweza kuichoma ngozi usisikie lolote.

Maumivu huwa ya kawaida, mfano wa kichwa kinachobana. Parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 hadi 8 hutosha wengi. Usizidishe vidonge 8 kwa siku. Antibayotiki meza tu kama umeandikiwa, na umalize.

Kope zinaweza kushindwa kufunga kabisa kwa siku chache. Tumia matone ya machozi ya bandia mchana na mafuta ya macho usiku, kama ulivyopewa. Jioni funga madirisha, maana wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi huingia kwa urahisi kwenye jicho lisilofumba vizuri.

Nywele huoshwa baada ya saa 48 daktari akiruhusu, kwa shampuu ya mtoto na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mwagia kutoka mbele kwenda nyuma, pitisha ncha za vidole bila kucha, usisugue mshono. Damu iliyoganda kwenye nywele hulainishwa, haibanduliwi. Nyuzi za paji hutolewa siku ya 5 hadi 7, na pini zinazofunga mshono wa kichwani siku ya 7 hadi 14. Mfanyakazi wa ofisini anaweza kurudi kazini baada ya siku 7 hadi 14. Mwenye kibanda sokoni ahesabu zaidi, kwa sababu ya jua.

Wiki sita, na kichwa kisibebe kitu

Baada ya njia ya kamera, kinachoshikilia nyusi mwanzoni ni nyuzi au skrubu tu. Utando uliobanduliwa hujishikiza upya kwenye mfupa taratibu, kwa wiki nyingi. Mzigo wa kichwani husukuma ngozi ya kichwa na kuikwaruza juu ya mfupa wakati huohuo inapojaribu kushika. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Karai la dagaa linaweza kufika hapo pia. Kwa hiyo hakuna kujitwika chochote kwa wiki 6, na kwa mzigo mzito kama ndoo iliyojaa subiri miezi 3. Anayeishi kwa kubeba au kuanika dagaa apange msimu wake kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji. Kuinama kwa muda mrefu, kama kudeki au kufua kwa beseni chini, nako kuahirishwe wiki 2 hadi 3, kwani damu hukimbilia usoni. Kunyanyua chochote cha zaidi ya kilo 5 kusubiri wiki 3, mazoezi makali wiki 4 hadi 6.

Bodaboda ina matatizo mawili. Helmeti hukandamiza mshono, na bila helmeti unavunja sheria na kuhatarisha kichwa kilekile ulichokitibu. Panga nauli ya bajaji au teksi kwa wiki 4.

Kusuka: mabutu mepesi yasiyobana baada ya wiki 6. Rasta, kushonea nywele na mitindo ya kuvuta kwenda juu baada ya miezi 3, na tungependa ukingo wa mbele uachwe kabisa. Dawa ya kulainisha na rangi zisubiri wiki 6 au zaidi. Hata hapo jihadhari na drai na kitana cha moto, maana ganzi ya kichwa huchukua miezi na msusi hawezi kuisikia kwa niaba yako. Mwambie. Wigi nyepesi inakubalika baada ya wiki 4, isiyo na gundi wala mkanda unaopita juu ya mshono. Mtandio wa pamba safi, uliofungwa bila kubana, unafaa tangu siku bandeji inapotoka.

Ziwani usiogelee wala usioshe kichwa kwa maji ya ziwa kwa wiki 6. Maji hayo yana vijidudu vingi kwa kidonda kibichi. Kichocho nacho kipo, ingawa chenyewe hupita hata kwenye ngozi nzima.

Jua la Mwanza ni kali. Tuko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa yanarudisha mwanga usoni. Kovu changa likipigwa na jua huwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka na hukaa hivyo kwa miezi. Vaa kofia pana isiyogusa mshono, na magamba yakishatoka paka mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kwa miezi 6 hadi 12. Usipake krimu za kujichubua. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na kwenye kovu jipya zinaharibu zaidi.

Dalili za kurudi hospitali

Uvimbe wa upande mmoja unaokua haraka na kuuma sana, hasa ndani ya saa 24 za mwanzo, ni damu inayokusanyika. Rudi saa hiyohiyo. Jicho likitokeza nje, likiuma kwa ndani, au uoni ukififia, usingoje asubuhi wala usimpigie mtu kuomba ushauri. Nenda dharura.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi inahitaji akili ya ziada huku kwetu, kwa sababu kila homa huitwa malaria. Pima malaria, ndiyo. Lakini hata kipimo kikiwa chanya, mshono uangaliwe na mtaalamu siku hiyo. Kumeza dawa ya mseto nyumbani huku usaha unajijenga chini ya ngozi ya kichwa ni njia ya kupoteza siku 3 ambazo zingeokoa kidonda. Harufu, majimaji, wekundu unaosambaa au mshono ulioachana ni sababu tosha ya kurudi.

Nyusi moja isipoinuka unapojaribu kushangaa, mshipa wa fahamu wa msuli wa paji huenda umevutwa au umevimba. Mara nyingi hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Kuharibika moja kwa moja hutokea mara chache, lakini hutokea, na fomu ya ridhaa lazima iseme hivyo.

Matokeo

Wiki za mwanzo nyusi ziko juu kuliko mlivyokubaliana. Hushuka milimita chache na kutulia kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Muwasho mkali kichwani kuanzia wiki za kwanza ni mishipa ya fahamu inayoamka. Papasa kwa kiganja, usikune. Nywele zinaweza kunyonyoka kando ya mishono na kuota tena baada ya miezi 3 hadi 6. Kovu likianza kuwasha, kuwa gumu na kupanuka, liwahi. Sindano za steroidi kila wiki 4 hadi 6 na karatasi za silikoni hufanya kazi vizuri zaidi likiwa bado dogo.

Matokeo hudumu miaka kadhaa, kwa wengi 5 hadi 10, na uzee huendelea na kazi yake. Nyusi zikiwa hazilingani kidogo, linganisha na picha zako za zamani kwanza, kwa sababu karibu kila uso una upande mmoja ulio juu. Daktari mwangalifu hatakubali kurekebisha kabla ya miezi 6. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji na uitunze, inayotaja njia iliyotumika na kilichoachwa ndani. Skrubu za titani kwa kawaida hazizuii kipimo cha MRI, lakini anayekupiga picha ataulizia, na atakayekusuka au kukunyoa naye aambiwe uvimbe mdogo wa skrubu chini ya ngozi ni nini.